Shingo ya Mama Mkwe

Tadea alipanua mdomo. Mkwewe, Valence, akamulika ulimi kwa tochi ya simu, akachungulia mara moja, akageukia dirishani. Kidonda kilikuwa pembeni, pale ugoro ulipozoea kukaa, na kilikuwa na miezi mitatu hakijafunga.

Zahanati nzima ya Chiwanda ilikuwa na tabibu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemuoa Hilda, binti wa Tadea. Nesi alihamishwa mwaka jana. Kila wanakijiji walipouliza, waliambiwa mwingine yuko njiani.

Sasa jamani, mkwe ni mkwe. Hawa wawili wakikutana njiani, mmoja hupisha majanini. Atamwambiaje afungue kanga amshike shingo? Tadea naye alikuwa na kivimbe chini ya taya, kigumu kama punje ya kahawa, hakiumi. Alikigundua akivaa rozari. Aliona haya kukitaja. Valence alipofika kwenye fomu ya rufaa, mahali pa tezi za shingo zilizovimba, kalamu ilisita kidogo. Akaandika hakuna.

Hospitalini, huko milimani, karani wa miadi aliisoma fomu bila kumtazama. Alieleza kwamba wenye tezi huonwa na bingwa wiki hiyohiyo, maana ugonjwa umeshaanza kutembea. Wasio nazo hungoja zamu. Zamu ya Tadea ilikuwa baada ya miezi mitano.

Hapo Tadea akafungua kanga.

"Mwanangu, hapa pana kitu. Shika uone."

"Mama, mimi karani tu. Fomu inasema hakuna. Daktari wako alikupima, hakukupima?"

Akisema hakupimwa, Valence hana kazi, na Hilda ana watoto wanne na wa tano tumboni. Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga.

"Alinipima," alisema.

Miezi mitano ile alikunywa uji, kisha maji ya uji. Kile kivimbe kilipata wenzake, kushoto na kulia, mpaka rozari ikambana akaivua.

Bingwa ndiye mtu wa kwanza kumshika shingo. Alipapasa upande huu, akapapasa na ule, halafu akaenda kunawa mikono. Akauliza kama kweli tabibu wa kwanza alimpapasa. Tadea akaitikia kwa kichwa. Basi bingwa akamweleza kwamba kisu hakitasaidia tena, atapewa dawa ya maumivu arudi nayo nyumbani.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mama. Mlikaa na kitu kama hiki nyumbani mnangoja nini?"



Nesi alikuwa na rejista mezani. "Sababu ya kutotibiwa, daktari?"

"Andika mgonjwa alichelewa kufika."

Nesi akaandika, akamgeuzia Tadea rejista na kumwonyesha pa kuweka sahihi. Alikuwa ameshafungua kidau cha wino wa dole gumba. Tadea akakisogeza kando, akachukua kalamu. Alimaliza darasa la saba, na mwandiko wake ulisifiwa shule nzima. Akaandika jina lake lote, taratibu, kwa herufi nzuri.