Hodi Yenye Mwisho

Pale hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wagonjwa walimwita Usipumue, kwa sababu ndilo neno la mwisho walilolisikia kabla mashine ya eksirei haijalia: "Vuta pumzi. Usipumue." Alilitamka kwa amri kiasi kwamba hata wazee wenye vyeo vyao walibaki wameduwaa, vifua mbele, mpaka awape ruhusa. Alikuwa mpiga picha hodari, na alijijua. Picha yake haikuwa na ukungu hata chembe. Mfupa ukiwa na ufa mwembamba kama unywele, yeye alikutolea ufa huo mpaka wewe mwenyewe usiyejua kitu uuone.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Picha zote hizo, zake na za waliomtangulia, zilikaa kwenye seva moja kuukuu iliyofungiwa katika kabati chini ya ngazi. Seva yenyewe ilikuwa inakoroma. Siku nyingine ilijizimia, na daktari wa upasuaji akabaki anadai picha ya zamani ya mgonjwa ambaye tayari amelala mezani. Kwa hiyo mkuu wa idara alipotangaza kwamba picha zitahamishiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile wanayoiita wingu, na kwamba anatafuta mtu wa kuandika programu ya kuzihamisha, Usipumue alinyoosha mkono kabla mkuu hajafika mwisho wa sentensi.

"Wifi yangu," alisema.

"Wifi ipi?" mkuu akatania. "Ya hapa hospitali haishiki hata mtu akipanda juu ya meza."

"Ya kwangu inashika. Akishindwa, mniulize mimi."

Akawa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Picha zikipotea, au zikitoka nje zikaonwa na wasiohusika, lawama yote ingemwangukia yeye.

Kusema kweli, mawifi hawa hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Wifi mwenyewe, mke wa kaka yake, alikuwa mpole, wa maneno machache, mwenye tabia ya kujikuna nyusi kwa kalamu anapofikiri. Usipumue alikuwa na ufunguo wa akiba wa nyumba ya kaka yake, na aliutumia atakavyo: anaingia bila hodi, anafunua masufuria, anauliza kwa nini mapazia yamebadilishwa. Wifi hakuwahi kulalamika. Alikohoa tu.

Siku ya kazi wifi alikuja na kompyuta yake, wakamkalisha katika chumba cha kusomea picha, chenye mapazia mazito na vile visanduku vya taa ukutani. Mkuu wa idara akamletea bahasha. Ndani mlikuwa na ufunguo wa wingu: mlolongo wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu.

"Ubandike humo kwenye programu yako, kazi iende," alisema.

Wifi aliisoma karatasi, akaikunja, akamrudishia. "Ufunguo huu haufi, mkuu. Nikiuandika ndani ya programu, kila atakayeiona programu anayo nyumba nzima, leo na siku zote. Mimi programu yangu itabisha hodi."

"Itabisha nini?"

"Hodi. Inafika kwenye geti la wingu, inajitambulisha: mimi ni kompyuta fulani ya hospitali, mnanijua, naomba kuingia kuweka picha tu, basi. Geti likiridhika linanipa kibali. Kibali kina saa moja ya kuishi. Saa ikiisha kinakufa chenyewe, hakuna haja ya kumfukuza mtu."

Mkuu aliguna, akaenda zake. Usipumue akasogea nyuma ya kiti cha wifi yake kuchungulia. Skrini ilijaa maneno ya kigeni na mabano, lakini katikati yake aliona neno moja analolijua, limeandikwa vizuri kabisa: hodi.

Akacheka. "Wifi! Umeandika hodi kweli?"

"Kipande hiki nimekiandika mimi, kwa hiyo nakiita nipendavyo," wifi alijibu, macho kwenye skrini. "Ni neno zuri. Sema watu wengine hawalitumii."

Usipumue akajitia hamnazo.

Picha zilianza kwenda. Vifua, magoti, taya, moja baada ya nyingine, na Usipumue akawa anazitambua kama mtu anayetazama majirani wakipita dirishani. Kisha zikasimama ghafla. Kwenye skrini ukatokea mstari mwekundu: Kibali kimekwisha muda. Kule chini ya ngazi seva ilikoroma kwa sauti iliyomtia kila mtu baridi.

Mkuu wa idara alirudi mbio na bahasha yake. "Nilisema mimi! Bandika ufunguo, mama, seva hii inakata roho!"

Usipumue mwenyewe roho ilikuwa juu. Alimwinamia wifi yake sikioni. "Wifi, nakuomba, usinitie aibu. Bandika leo tu, kesho utautoa."

"Hapana," wifi alisema. Hakupandisha sauti, wala hakugeuka.

Akaiagiza programu imtolee kibali chote kwenye skrini, alione lile geti limeandika nini: vipande vyake vyote vya siri, na chini yake saa ya kuzaliwa na saa ya kufa. Akajikuna nyusi. Akaunda kingine, akakitazama nacho. Halafu taratibu akaanza kutabasamu.

"Kosa ni letu, si la geti," alisema. "Programu imebisha hodi mara moja tu, mwanzoni, ikadhani imehamia. Picha ni nyingi kuliko saa moja."

Usipumue aliangua kicheko pamoja na hofu yake. Mtu wa namna hiyo alimjua vizuri, ila hakuwa tayari kumtaja.

Kilichofanyika baada ya hapo kilikuwa kitu kidogo, na ndiyo maana kilimvutia. Wifi aliongeza mistari michache tu. Kabla ya kila picha, programu iangalie kibali kimebakiza muda gani. Kikikaribia kufa, ibishe hodi upya wakati cha zamani kingali hai, ili isikute mlango umefungwa na picha mkononi. Akabonyeza. Picha zikaanza kumiminika tena. Usipumue alisimama pale akisubiri kibali cha kwanza kife, na kilipokufa hakuona hata mshtuko: kipya kilikwishatokea kwenye skrini na kupokea kazi, na mguu wa mtu ulipita bila kupoteza kidole. Alikuwa ameona mafundi wengi maishani mwake, wengi wao wa kelele. Huyu alikuwa amekataa kelele za watu wawili waliomzidi cheo na umri, kisha akafanya kazi safi bila kumsimanga mtu. Usipumue alijikuta anampenda, moja kwa moja, bila ile "lakini" aliyozoea kuiweka.

Akatoa simu. Akampanga wifi kwenye mwanga kama anavyompanga mgonjwa, kompyuta nyuma yake, akapiga. Akaitupia kwenye kundi la wafanyakazi na kwenye stetasi yake: "Huyu ndiye wifi yangu! Picha zetu zote ziko salama!"

Kabla ya jioni kazi ilikwisha, na seva ikazimwa ipumzike na makoromo yake.

Kesho yake Usipumue hakuwa zamu. Alikuwa anaanika nguo ujumbe ulipoingia, kutoka kwa mfamasia wa hospitali. "Dada, picha kali. Ila hayo maandishi marefu kwenye skrini si ya siri kweli? Nimeikuta mpaka kwenye kundi la mtaani kwetu."

Akaikuza picha kwa vidole. Kibali kilikuwa pale pale nyuma ya bega la wifi, chote, hakina ukungu hata chembe. Akafuta kwenye stetasi, akafuta kwenye kundi, huku akijua anafunga banda tupu. Mifupa ya watu, mapafu yao, mimba zao. Picha ya kifua cha mama yake mzazi, ambayo familia nzima iliapa haitaizungumza nje. Na wifi yake, ambaye hakufanya kosa ila kusifiwa.

Aliacha nguo kwenye beseni. Kwa kaka yake aliingia kama kawaida, ufunguo mlangoni, bila hodi, akamkuta wifi anapiga pasi. Akamsukumia simu bila salamu.

Wifi aliitazama picha, akazima pasi. "Umepiga vizuri. Kila herufi inasomeka."

"Usinitanie, wifi, nakufa!"

"Kosa la kwanza ni langu. Kibali hakianikwi kwenye skrini mbele za watu. Kaa." Akafungua kompyuta. "Haya, jifanye mwizi. Nisomee."

Usipumue akasoma, herufi moja moja, na wifi akaandika. Lilikuwa jambo refu. Walipofika mwisho wifi alibonyeza, na Usipumue akabana pumzi.

Ukatokea mstari mwekundu: Kibali kimekwisha muda. Maneno yale yale aliyoyalaani jana.

"Kimekufa jana, kabla hata seva haijazimwa," wifi alisema. "Nitaangalia pia kama kuna mgeni aliyekigusa katika ile saa moja kilipokuwa hai. Lakini hata angekigusa, kiliruhusu kuweka picha tu, hakikuruhusu kuzitazama." Akamgeukia. "Sasa pumua."

Usipumue akapumua, na machozi yakaja pamoja na pumzi.

"Jana nilikusihi ubandike ule usiokufa," alisema alipoweza.

"Ulinisihi."

"Ningeupiga picha ule."

"Tena picha safi."

Usipumue alijifuta uso kwa kiganja. Akautazama ufunguo wa akiba aliokuwa bado ameushika. Akauweka mezani karibu na pasi, akainuka, akatoka nje na kuurudisha mlango nyuma yake. Akasimama pale kibarazani mikono mitupu.

"Hodi!" aliita.

Wifi hakuharakisha; alikuwa anaionja hodi hiyo ya kwanza, na nani wa kumlaumu.

"Hodi, wifi!"

"Nani, na kwa kazi gani?"

"Dada wa mumeo. Naomba kukaa tu. Masufuria siyagusi."

"Karibu. Una saa moja."

"Na ikiisha?"

"Utabisha tena."