Wifi Aliyetoka Jaridani

Khala Suraiya, mama mdogo wa mtaa mzima, ambaye mlango wake unatazamana na mlango wa kina Farkhanda, anadai kwamba yule mwanamke alishuka kwenye bajaji siku ya Alhamisi, adhuhuri ikiwa imeshasaliwa, akauliza nyumba ya Murtaza mchonga vitanda, na kwamba hakuwa na kivuli. Kivuli, anasema Khala, kilikuja baada ya glasi ya pili ya maji. Wengine waliokuwepo wanasema kivuli alikuwa nacho tangu aliposhuka, tena kirefu kuliko saa ile ilivyostahili. Khala Suraiya hutia chumvi. Lakini kuhusu sanduku hakudanganya. Lilikuwa jipya, lina vifungo vya shaba, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Farkhanda alikuwa uani, amekaa kwenye kitanda cha kamba, anachambua dengu. Aliinua macho, akamtambua. Zile nguo za kijani kibichi zenye ukingo wa fedha alikuwa amezitunga mwenyewe kichwani siku moja akiosha vyombo, na kile kidoti cha shavuni pia. Akasogeza sinia la dengu ili mgeni apate pa kukaa.

"Mimi ni Mahjabin Shafaq," mgeni akasema.

"Najua," akasema Farkhanda.

Mama yake Farkhanda akatoka jikoni, akauliza kama mgeni ameshakula.

Jina hilo lilikuwa na umri wa miaka minne. Farkhanda alisoma mpaka darasa la tano, basi. Mengine aliyasoma kwenye majarida ya wanawake yanayotoka Lahore kila mwezi, ambayo Khala Suraiya akishamaliza humpitishia. Baadaye akaanza kuandika na yeye hadithi za mapenzi, upande mmoja wa karatasi, akiruka mstari, kama wahariri wanavyotaka. Hadithi ya kwanza ilipokubaliwa, kaka yake Murtaza aliishika barua ya mhariri akaisoma mara mbili. Hakugomba. Alisema tu kwamba jarida lile hutundikwa kibandani karibu na muuza tambuu, wanaume husimama pale wakichokonoa meno, na jina la dada yake halitakaa midomoni mwao. Aandike, lakini kwa jina jingine. Basi Farkhanda akatunga jina, akalivisha vizuri, kwa kuwa lilikuwa linatoka kwenda mjini peke yake. Jina likatoka kila mwezi. Barua za wasomaji zikaja, mwanzo tatu, kisha mfuko mzima, zote zinamwita Mahjabin. Kwa hiyo alipokuja mwenyewe kwa miguu yake, nyumbani hakushangaa mtu. Mama alisema anayeitwa namna ile na watu wengi hivyo hawezi kukaa bila kuitika.

Akapewa chumba cha juu, kile chenye dirisha la barabarani. Mpaka siku ile kilikuwa chumba cha Farkhanda.

Kuandika Mahjabin hakujua. Siku ya kwanza alipewa kalamu, akaishika kama mtu aliyeshikishwa mjusi, akairudisha kwa adabu. Lakini kuzungumza juu ya kuandika alikuwa fundi. Wanawake wa mtaa walikuja saa kumi na kukaa mpaka magharibi, wakimuuliza maneno yale anayatoa wapi. Mahjabin alitazama dirishani kidogo kabla ya kujibu. Akasema anayatoa kwenye maumivu. Wanawake wakatikisa vichwa. Farkhanda, aliyekuwa akipita na chai, alikumbuka kwamba ile sentensi waliyoisifia sana ilimjia akikwangua sufuria iliyoungua.

"Na wewe Farkhanda," Khala Suraiya akamwambia, "si ukae karibu na mwenzio upate kujifunza? Umri unakwenda. Angalau ujue kushika kalamu."

Farkhanda akamuuliza kama anataka sukari nyingine.

Hata hayo maumivu ni yeye aliyempa. Wanawake walikuwa wamemuuliza Mahjabin baba yake nani na watu wake ni wa wapi, naye akashuka jikoni kuuliza. Farkhanda alikuwa anakanda unga. Akafuta vidole, akaandika nyuma ya pakiti ya chumvi kwamba baba alikuwa karani wa reli huko Khanewal, jina lake Inayatullah, akafa kwa homa ya mapafu. Mama alifariki akimzaa. Jioni ile Mahjabin alimlilia baba yake mpaka Mama akamsugua mgongo kwa mafuta ya haradali. Nyumba nzima iliacha kazi kwa heshima. Baba yake Farkhanda alikuwa amekufa miaka sita iliyopita, kweli kweli, na siku ya tatu baada ya maziko Farkhanda alikuwa jikoni akiwapikia waliokuja kutoa pole.

Kuanzia hapo alianza kuhesabu. Kwenye harusi ya binti wa muuza vyuma, Mahjabin aliketishwa kwenye kochi pamoja na bibi harusi, akaletewa nyama mara nne. Farkhanda alikaa nyuma, amepakata mtoto wa mtu, akaletewa mara moja, mfupa. Watu saba waliomba kupigwa picha na Mahjabin. Akina mama wawili waliokuja nyumbani kumtazama Farkhanda kwa ajili ya watoto wao wa kiume walipanda kwanza juu kumwamkia mwandishi, na waliposhuka hawakukumbuka wamekuja kumtazama nani. Vidole vya Mahjabin havikuwa na doa la wino hata moja. Farkhanda alivitazama kila siku.

Mwezi wa Shaabani hakuandika. Alikaa tu. Akakatakata mboga, akafua mapazia, akapanga upya makopo ya viungo. Tarehe kumi Mahjabin akaanza kupauka kama nguo iliyofuliwa sana. Tarehe kumi na tano alipoinua kikombe, ua la kikombe lilionekana kupitia vidole vyake. Alikuwa halalamiki. Aliuliza mara moja tu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, kama yule daktari wa kwenye hadithi inayoendelea jaridani kila mwezi ameshamwomba msamaha binamu yake. Farkhanda akasema hajui.

Mama ndiye aliyekuja kumsimamia Farkhanda mlangoni.

"Mgeni anaisha ndani ya nyumba yangu," akasema. "Watu watasema hatumlishi."

"Na mimi nikiisha?"

"Wewe umezaliwa hapa."

Angeweza kumwacha aishe. Alilifikiria jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anavyofikiria kubadilisha soko. Lakini Mahjabin akiisha, hadithi nayo ingeisha, na daktari alikuwa amesimama kwenye mvua mlangoni kwa binamu yake tangu mwezi uliopita, na Farkhanda mwenyewe alikuwa na hamu ya kujua kama mlango utafunguliwa. Akaandika siku tatu mfululizo. Alipofika ukurasa wa mwisho Mahjabin alishuka ngazi, mashavu yamejaa, akauliza kama achari ya maembe imebaki.

Murtaza hakuwa amewahi kusoma hata ukurasa mmoja wa dada yake. Sasa alianza kulipeleka jarida karakanani. Mafundi wenzake walimwona amekaa juu ya gogo la mti wa shisham, patasi iko chini, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi, anasoma midomo ikicheza. Jioni alikuwa akisimama chini ya ngazi muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuvua viatu. Kisha akamwambia Mama kwamba mwanamke mwenye akili namna ile, mwenye moyo namna ile, haonekani mara mbili. Alisema kuna mahali kwenye sehemu ya saba alipolia. Farkhanda alikuwa anammwagia maji mikononi ili anawe. Akaendelea kummwagia.

Wakaoana baada ya Idi. Shehe aliuliza jina la baba wa bibi harusi, Mahjabin akamtazama Farkhanda, Farkhanda akasema Inayatullah, marehemu, wa reli. Ikaandikwa. Murtaza alikuwa amechonga kitanda kwa mkono wake, na kati ya tausi wawili anaowachonga kwenye kila kitanda ameweka kidau cha wino na kalamu. Mji mzima wa Chiniot ulikuja kukitazama. Sokoni alipita akisema mke wangu ni mwandishi, yule yule, ndiyo, na muuza magazeti akalitundika jarida mbele kabisa, juu ya tambuu.

Farkhanda alimkumbusha kuhusu midomo ya wanaume. Alimkumbusha kwa upole, akimpa taulo.

"Yule ni mke wa mtu," Murtaza akasema. "Ana mwenyewe. Wewe bado tunakutafutia."

Barua ya mchapishaji ilikuja Januari, Mahjabin akiwa ameshaanza kutapika asubuhi. Ile hadithi ya daktari na binamu yake walitaka kuitoa kitabu. Jalada gumu, utepe wa kushikia ukurasa. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu: jina la mwandishi liandikwe kama litakavyochapwa, na mistari mitano juu ya maisha yake. Farkhanda aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Jarida watu hufungia pilipili likishazeeka. Kitabu hupangwa kwenye kabati la vioo. Mtu akikitoa, akakifungua, jina ndilo la kwanza kuliona, nalo haliwezi kuondoka pale hata wote waliolipinga wafe. Tangu akiwa darasa la tano alikuwa hajataka kitu kingine.

Alingoja Ijumaa, Murtaza arudi kutoka msikitini, maana siku hiyo huwa hana haraka. Akapakua. Akaweka fomu karibu na bakuli la mtindi, akasema anataka kitabu kitoke kwa jina lake.

Murtaza alitafuna mpaka akameza.

"Mimi nachonga vitanda tangu nina miaka kumi na miwili," akasema. "Umeona wapi jina langu kwenye kitanda? Kuna muhuri wa duka. Nimelia?"

"Mguu wa kitanda ukivunjika wanajua waje kwa nani."

"Ndiyo. Wanakuja kunitukana." Akamega chapati. "Unataka watu waje wakutukane?"

"Nataka."

Mama akasema chakula kinapoa. Mahjabin, ambaye hakuwa na ubaya wowote na hakuna aliyewahi kuuona kwake, akaweka mkono wake safi juu ya mkono wa Farkhanda.

"Wifi, mimi nitakutaja mbele kabisa, kwenye shukrani," akasema. "Kwa wifi yangu, ambaye chai yake ilinifikisha mpaka ukurasa wa mwisho."

Murtaza akaona maneno hayo ni mazuri mno, akamwomba ayarudie. Akayarudia. Mama akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. Farkhanda alijua kwamba hayo nayo yatahitaji mtu wa kuyaandika.

Jikoni, wakati wa kuosha vyombo, Mama alimwambia lile ambalo mezani halikusemwa.

"Ukiandika jina lako unajua Mahjabin anakuwaje. Ulimwona ule mwezi." Akasuuza sahani, akaisimamisha ukutani. "Na sasa hayuko peke yake."

Farkhanda akasema amesikia.

Akapanda juu ya paa na fomu, ubao wa kuegemezea na kalamu. Jua la Januari lilikuwa zuri, na Mahjabin alikuwa pale, ameanika nywele, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, kivuli chake kimelala kando yake vizuri kama cha mtu yeyote. Farkhanda akakaa. Akaijaza mistari mitano haraka, Khanewal, reli, yatima, mke wa mchongaji, na alipokuwa akiandika Mahjabin aliguna kidogo, kama mtu anayenyooshewa mgongo. Ikabaki nafasi ya jina. Kutoka chini Murtaza aliita kwamba posta wanafunga saa tisa, bahasha iwe tayari.

Farkhanda akaweka kalamu chini.

"Wifi," akasema. "Vingine vyote chukua. Vilivyotoka na vitakavyotoka. Kila mwezi nitakuandikia, hutapauka tena, wala wewe wala mtoto. Hiki kimoja niachie."

Mahjabin alikuwa na pera mkononi. Alilitazama, akalipasua kwa kisu vipande vinne, akavinyunyizia chumvi na pilipili. Kipande kimoja akampa Farkhanda. Vile vitatu akavila mwenyewe, polepole, akitazama mapaa ya watu, akafuta vidole kwenye mtandio.

Farkhanda alikishika kipande chake, akangoja jibu, na nafasi ya jina kwenye fomu ilikuwa bado tupu.