Hofu ya Kupungua

Kwa miaka mitano au sita Evarista hakuona kwamba mwili wake ulikuwa ukibadilika. Aliona tu kwamba ulikuwa ukiongezeka, na kwa jambo hilo alimshukuru Mungu. Hakuona kwamba mapaja yaliyokuwa yakihimili magunia yalikuwa yamelegea, wala kwamba mabega yalikuwa yamelala, huku kiuno kikizidi kupanuka mwaka hata mwaka. Sketi zake alizipeleka kwa fundi zikaachiwa pindo, na fundi alipomwambia, "Mama, umebarikiwa," alirudi nyumbani akiwa na amani.

Amani hiyo ilikuwa na chanzo chake. Evarista alizaliwa Ipogolo, bondeni, chini ya mji wa Iringa, akiwa mtoto wa tatu wa mama Esta. Dada zake wawili, Tekla na Faustina, walizikwa ndani ya mwaka mmoja, katika ile miaka ambayo watu hawakuutaja ugonjwa kwa jina lake. Walisema tu kwamba fulani amepungua, na msikilizaji akanyamaza, akaelewa. Tekla alianza kwa kukaza sketi kwa pini. Alimaliza akiwa kitandani, na Evarista, msichana wa miaka ishirini na mbili, ndiye aliyekuwa akimgeuza ubavu huu na huu. Mikono yake ikajua mapema mno jinsi mtu mzima anavyoweza kuwa mwepesi kuliko mtoto.

Tangu hapo alikula. Alikula akiwa na njaa na akiwa hana. Alipoolewa Mbeya na mwalimu Sedekia, Mnyakyusa mpole mwenye shamba la ndizi kwao, alikula. Na biashara yake ya mchele na maharage pale sokoni Mwanjelwa ilipostawi kiasi cha yeye kuketi na kuagiza mizigo kwa simu, vijana wakibeba, alikula akiwa ameketi.

Alipokaribia miaka hamsini, hedhi yake ilianza kupotea njia, kisha ikakoma. Usingizi ukawa wa vipande vipande. Mchana, baada ya wali, kichwa kilimlemea hata akahesabu chenji za wateja mara mbili na bado akakosea. Ndipo alipokwenda kituo cha afya, ambako daktari kijana aitwaye Tusekile alimtoboa kidole na kukitazama kipimo kwa muda mrefu kuliko Evarista alivyopenda.

"Mama, sukari yako kabla ya kula ni sita nukta sita. Ikifika saba na kurudia, tunaandika kisukari. Bado hatujaandika."

"Mbona sijaongeza chakula, mwanangu? Nakula vilevile nilivyokula nikiwa na miaka thelathini."

"Hapo ndipo penye jambo. Wakati huo ulikuwa unabeba magunia?"

"Nilikuwa nabeba, tena mazito."

"Na sasa?"

"Sasa nabeba simu."

Tusekile alicheka, kisha akavuta kiti karibu. Akaeleza kwamba watu hudai mwili wa mtu wa makamo umepoa na hauchomi tena chakula, lakini kilichopungua hasa ni misuli, kwa kuwa haitumiki, na misuli ndiyo inayoichukua sukari kutoka kwenye damu. Hedhi inapokoma, homoni hushuka, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani huhamia tumboni, mahali ambapo huisumbua sukari hiyo hiyo. Usingizi mbovu nao huongeza njaa. "Kwa hiyo tembea. Beba vitu. Kula hayo maharage unayouza, mayai, mboga nyingi. Ugali na wali uwe kidogo, na usiku usile ukachelewa. Utapungua kilo kadhaa, na hicho ndicho tunachotaka."

Utapungua. Daktari alilitamka neno lile kama mtu anayetaja hali ya hewa. Alikuwa bado hajazaliwa Tekla alipozikwa.

"Ni lazima nipungue?"

"Ndiyo dawa yenyewe, mama."

Evarista alitii, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii wataalamu. Alianza kushuka kwenye gari kabla ya kufika kwake Uyole ili amalizie njia kwa miguu, akipita kando ya barabara kuu ambako malori yalisimama yakinuka breki. Dukani aliwaambia vijana wamwachie viroba vidogo avipange mwenyewe. Mwezi wa pili kichwa kilianza kuwa chepesi mchana. Mwezi wa tatu sketi ikamzunguka kiunoni.

Ndipo Blandina, jirani yake auzaye vitenge, alipomwona akipita na kiroba begani.

"Mama Fred! Hiyo sketi yako au umeazima kwa mama mkwe?"

"Yangu."

"Basi mwenyewe ndiye aliyeazimwa!"

Wauzaji wakacheka, na Evarista akacheka nao. Lakini baadaye Blandina alikuja dukani, akachota maharage kwa kiganja na kuyarudisha kwenye gunia lilelile, bila kununua.

"Dada, tusifichane. Umepima?"

"Nimepima. Sina."

"Sawa," Blandina alisema, kwa upole wa mtu asiyeamini. "Lakini siku hizi dawa zipo. Watu wanaishi, tena vizuri."

Jioni hiyo alipokuwa akioga, Evarista aliupitisha mkono ubavuni na kugusa mbavu. Zilikuwa pale siku zote, chini ya nyama, lakini vidole vyake vilizifahamu mbavu kwa njia moja tu. Akasimama na maji yakipoa kwenye beseni. Alijua majibu ya kipimo cha ugonjwa ule, alichopimwa kituoni siku ile ile ya sukari. Alijua pia kwamba Tekla alikuwa na maelezo yake kila wakati: ni vidonda vya tumbo, ni malaria iliyojificha, ni mawazo. Je, na sukari si maelezo tu?

Sedekia naye, bila nia mbaya, aliongeza chumvi kwenye kidonda. "Mke wangu, ndugu zangu watasema sikulishi."

Akaanza kula tena. Alikula kwa haraka, kama mtu anayeziba tundu kwenye bati huku mvua ikinyesha: chipsi mayai asubuhi, wali mchana, ugali mkubwa usiku, soda katikati. Sketi ikakaza, Blandina akamsifia rangi ya uso, na hofu ikatulia. Kisha akarudi kwa Tusekile, na kipimo kikasoma sita nukta tisa.

Daktari hakumkaripia. Alimweleza taratibu kile ambacho kisukari hufanya kikiachwa: macho hufifia, figo huchoka, kidonda cha mguuni hukataa kupona. Evarista aliitazama miguu yake ndani ya viatu. Sasa hofu zilikuwa mbili, na kila alipoikimbia moja alijikuta mikononi mwa nyingine. Akinenepa, atakufa polepole. Akipungua, atakuwa amekwisha kufa machoni pa watu, na labda, sauti fulani ilimwambia, si machoni pao tu.

Alianza upya, lakini kwa siri, akijifunga kanga juu ya sketi ili kiuno kisionekane. Mwezi wa nane tangu kipimo cha kwanza, mama yake alipiga simu kutoka Ipogolo. Mama Esta hakuwa mtu wa simu ndefu.

"Kuna mtu wa huku amekuona Mwanjelwa."

"Nani, mama?"

"Njoo nyumbani."

Evarista alipanda basi la alfajiri. Chini alivaa sketi mbili, juu masweta mawili na koti la Sedekia, na abiria wenzake wakadhani anaogopa baridi ya Makambako. Njia nzima alijaribu maneno atakayosema, na kila alipoyapanga aliyasikia kwa sauti ya Tekla.

Mama alikuwa mlangoni.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

Mama alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akamkaribisha, akapakua ugali ambao ungewatosha watu watatu, na kuketi mkabala naye akiangalia kila tonge linavyoingia. Hakuuliza habari za Mbeya. Hakuuliza habari za Fred, mjukuu anayempenda kuliko wote. Evarista alianza na mboga na maharage kama alivyofundishwa, akamega ugali kidogo, akanawa.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Vua hayo makoti."

"Nina baridi."

"Vua, Evarista."

Alivua koti. Akavua sweta la kwanza, kisha la pili, na kila vazi lililotua kwenye kochi lilimpunguza mbele ya macho ya mama yake. Mama Esta hakulia. Alikunja mikono mapajani.

"Nimemwambia katekista Liberatus aje jioni akuombee. Na Padre nimempelekea habari."

"Mama, siumwi ugonjwa ule. Nimepima."

"Tekla naye alisema hivyo."

Evarista alieleza habari ya sukari, ya misuli, ya hedhi kukoma, akajisikia anavyozungumza haraka haraka kama mtuhumiwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa adabu ile ile aliyowatikisia wauguzi miaka ile. Kisha akainuka, akaenda ghalani, akarudi akiburuta debe la mahindi lililojaa.

"Twende tukasage."

Mashine ya kusaga ilikuwa bondeni, hatua chache kutoka nyumbani. Evarista aliweka ngata kichwani, akainua debe, akaelekea huko. Mama akaipita mashine bila hata kuitazama, akashika njia ya mkato inayopanda mlima kwenda mjini.

"Mama, mashine si hii?"

"Hiyo inasaga vibaya. Tangulia."

Hapo Evarista alielewa. Mama hakutaka unga.

Njia ilikuwa ya mawe na vumbi, yenye mwinuko mkali kiasi kwamba visigino havikugusa chini. Nyuma yake alisikia ndala za mama, na kati ya ndala na ndala alisikia kimya cha mtu anayemsikiliza mwenzake anavyopumua. Mahindi yalikuwa mazito. Shingo ilianza kuwaka, kisha mapaja, na jasho likaingia machoni bila mkono wa kulifuta. Alipopumua kwa sauti aliogopa mama amesikia. Alipoibana pumzi, kifua kiliuma. Kama angesimama, mama angeanza kuomboleza pale pale njiani. Na yeye je? Kama miguu ingekataa, angewezaje tena kukiamini kipimo cha mtu yeyote?

Katikati ya mlima kulikuwa na jiwe pana la kukalia. Karibu yake debe liliyumba. Akalishika kwa mikono miwili. Alitaka kukaa. Alilitazama jiwe, akahisi nyuma yake ndala zimenyamaza, mama amesimama kabisa.

Aliweka mguu mbele. Paja lililokuwa likiwaka lilikaza, likamnyanyua. Akaweka wa pili. Hakuwa na ushindi wowote moyoni, ila mshangao: kulikuwa na nguvu chini ya uchovu, nayo ilikuwa mpya, ya miezi michache tu, ya viroba na ya barabara ya Uyole. Alipanda mpaka njia ilipolala, akaufikia mtaa wa juu, akasimama akihema kama mvukuto, debe likiwa kichwani.

Mama alifika baada yake, mwanamke wa miaka sabini na sita, akishikilia kiuno.

"Umenipita," alisema.

"Shika mkono wangu, mama. Kaa hapa."

Walilishusha debe, wakaketi ukingoni mwa njia. Ndipo Evarista alipomtazama mama yake kama mtu asiyemjua. Alikuwa mwembamba. Alikuwa mwembamba miaka yote, mwenye miguu mikavu ya kupanda na kushuka mlima huu, na hakuna aliyewahi kumhofia.

"Tekla alikaa pale kwenye jiwe," mama alisema, pumzi ilipomrudia. "Tulikuwa tunatoka sokoni. Akaniambia, mama, nimechoka kidogo. Hakuinuka. Nilimbeba mgongoni nikashuka naye, mtu mzima, wala sikusikia uzito."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini?"

Mama alianza kulia, bila sauti, akijifuta kwa pembe ya kanga. Evarista alimwacha alie. Kisha wakapeleka mahindi kwenye mashine ya mjini, wakasubiri foleni na watu wengine, wakarudi nyumbani wakipokezana mfuko wa unga, na njiani mama akauliza, kwa mara ya kwanza, hiyo sukari inapimwaje na kama inauma.

Liberatus alipofika jioni, na kitabu cha sala kwapani na uso ulioandaliwa kwa msiba, alimkuta mama Esta peke yake uani.

"Mgonjwa yuko wapi, mama?"

"Amekwenda kuchota maji. Wewe ombea huo unga, kisha ukae ule."

Kipimo cha mwezi wa kumi kilisoma tano nukta tisa, na Tusekile akamwambia aendelee hivyo hivyo, kwa kuwa kazi hii haina mwisho. Hofu haikumtoka yote. Lakini tangu mwezi ule wa nane Evarista hajala tena kwa sababu ya kuogopa, anabeba viroba vyake mchana mbele ya soko zima, na mama yake anapompigia simu humuuliza amelalaje na ametembea mpaka wapi.