Saa ya Houston

Jumapili ile ya Machi ambayo Wamarekani husogeza saa mbele, Chepkoech alifika kazini mapema kuliko kawaida. Miaka ya nyuma, katika mwaka wake wa kwanza Marekani, hajui hili wala lile, aliingia kanisani kule Woodbridge akakuta watu wamemaliza ibada, wanakunywa chai na kuagana. Kwao Bomet saa ni saa, hakuna serikali inayoisogeza. Walimcheka bila ubaya, naye akacheka nao huku masikio yakimwaka moto. Tangu hapo hakuna aliyemshinda kwa kusogeza saa.

Mzee Ethan, ambaye Chepkoech alimhudumia nyumbani, alikuwa bado amelala. Chepkoech akapita nyumba nzima, simu mkononi: saa ya jiko, ya sebuleni, ya bafuni. Chumbani, katika kibakuli kando ya kitanda, palikuwa na saa ya mkono yenye mkanda wa kitambaa, mrefu kupita kiasi. Nayo ilikuwa nyuma. Akavuta kifundo cha ubavuni, akazungusha mishale mpaka ikalingana na simu, akairudisha polepole asimwamshe mwenyewe.

Mtaa mzima pale Oxon Hill ulijua kwamba mzee huyo aliwahi kwenda angani, zamani, wakati waliofika huko walikuwa bado wachache. Mkanda ulikuwa mrefu kwa sababu saa ilifungwa juu ya mkono wa vazi la safari. Hayo Chepkoech aliyajua tangu alipoanza kumhudumia baada ya Krismasi. Alijua pia kwamba kila asubuhi mzee aliipa saa hiyo ufunguo kwa mkono wake, akiwa ameupa mlango kisogo. Chepkoech alichukulia kuwa hiyo ni ibada ya mtu, akawa anamwacha peke yake na kwenda kupika uji.

Asubuhi hiyo uji ulianza kushika ganda kabla mzee hajatoka chumbani.

“Chep,” aliita mwishowe, “ya jikoni inasema saa ngapi?”

“Saa mbili na robo, Mzee.”

“Na hii pia.”

“Ndiyo. Leo zote zimelingana,” Chepkoech alijibu, kwa fahari kidogo.

Mzee hakuugusa uji.

Mchana alikuja Audrey, binti yake, mwalimu mstaafu anayekaa Bladensburg, ambaye hakosi Jumapili hata moja. Kabla hajaonja supu aliyokuja nayo, baba yake aliiweka saa kando ya sahani yake.

“Ichukue. Nimeiharibu.”

“Imesimama?”

“Inatembea. Lakini inafuata saa ya hapa.” Akanyoosha kidole kuelekea saa ya ukutani. “Nilipokuwa kule juu, mama yako aliiweka saa ya jikoni kwetu Houston ilingane na hii, ili popote nilipo tuwe tunaangalia saa moja. Tulipohamia huku, ambako saa iko mbele kwa moja, sikuibadilisha. Alipofariki sikuibadilisha. Sasa nimeibadilisha, na sikumbuki nilivyofanya.”

“Baba, labda—”

“Hakuna labda. Tuliahidiana. Siku nitakayoshindwa kuitunza hii, nisibishane nawe tena juu ya ile nyumba ya wazee. Kesho wapigie.”

Chepkoech alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la supu mikononi. Maneno yalikuwa machache tu: ni mimi, Mzee. Akafungua mdomo. Audrey akamgeukia, macho yamejaa machozi.

“Afadhali upo, Chep. Wewe ndiye macho yetu humu ndani.”

Chepkoech akafunga mdomo. Akaweka bakuli mezani, akauliza kama kuna anayetaka pilipili.

Jioni, nyumbani kwake Woodbridge, Shiku, rafiki yake wa kanisani, alipita kumletea maharagwe yaliyobaki baada ya chakula cha kanisani. Shiku ni mtu wa utani na sauti kubwa. Alipoingia jikoni tu akasimama chini ya saa ya ukutani.

“Wee Chep! Jua bado liko nje, na hii inasema saa sita na nusu! Si leo ndiyo siku yako ya kusogeza saa? Ama ulikuwa unangoja mimi?” Akavuta kiti apande.

“Shuka!” Chepkoech alisema kwa ukali uliowashtua wote wawili. “Hiyo haiguswi. Hiyo ni ya mama.”

“Haiya. Pole basi.”

“Ni usiku kwake kule Bomet. Nikiiangalia najua amelala.”

Shiku alirudisha kiti, akabadilisha mazungumzo. Chepkoech hakumsikia tena. Alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe: hiyo haiguswi. Miaka yote hiyo alikuwa na saa ya mtu wa mbali ukutani kwake, na asubuhi hiyohiyo alikuwa ameichezea ya mwenzake, wala hakujiuliza kwa nini mtu anayeipa saa yake ufunguo kila siku aiache nyuma. Hata hilo lingesameheka. Lakini lile swali la pilipili!

Jumatatu alikuta gari la Audrey limeshafika. Juu ya kitanda kulikuwa na begi lililo wazi, na Mzee Ethan alikuwa akichagua soksi, moja moja, kwa utiifu. Utiifu huo ndio uliomvunja Chepkoech.

“Ni mimi niliyeisogeza,” alisema. “Jana asubuhi, nikisogeza zote. Na hapo mezani nilijua, nikanyamaza.”

Audrey aliketi polepole ukingoni mwa kitanda. “Ulinyamaza kwa nini?”

“Niliona aibu. Na niliogopa utaniondoa.”

Mzee alibaki ameshika soksi.

“Jana usiku nililala nikijua nimekwisha,” alisema hatimaye, bila kupandisha sauti. “Nilijaribu kukumbuka majina ya wajukuu, nikaogopa kumaliza.”

“Nisamehe, Mzee.”

Mzee alimwomba Audrey saa. Alivuta kifundo mara mbili, kikakataa kutoka. Chepkoech akasogea hatua moja, kwani alijua kinavyovutwa. Mzee akampa Audrey. Binti akairudisha mishale nyuma mpaka Houston, baba akaipa ufunguo, akaifunga juu ya mkono wa sweta, mkanda ukizunguka mara mbili.

“Rudisha hizo soksi kabatini, Chep,” akasema. “Na siku nyingine, niulize.”

Kwa hiyo mzee alibaki nyumbani, na Chepkoech alibaki kazini. Audrey hakumwita tena macho yao. Mzee Ethan naye hakuirudisha saa kwenye kibakuli, alilala nayo. Kila asubuhi, anapomwosha mikono, Chepkoech hupitisha kitambaa pembeni mwa mkanda, taratibu, kama anayezunguka kidonda, na macho huyaweka kwenye maji.