Chumba Kilichobaki Hewa

Hester Pargeter alikaa miaka ishirini katika nyumba ya kasisi ya Hallowdean, ile ya mbao na udongo yenye paa la mabua, na miaka yote hiyo aliilalamikia. Sakafu zilibonyea, milango mifupi ilimgonga mumewe kichwa. Mumewe alipofariki, nyumba ikapewa kasisi mpya, naye Hester akahamia kijumba ng'ambo ya makaburi ya kanisa. Kutoka dirishani aliiona nyumba ile vizuri mno, na hilo ndilo lililomtesa.

Sybil, mke wa Edmund, kasisi mpya, alikuta sakafu ya chumba cha juu imeoza. Mafundi wakaing'oa, na dari yake pia. Kumbe zamani pote pale palikuwa ukumbi mmoja, wazi hadi kwenye kenchi za paa: boriti nene za mwaloni, nyeusi kwa masizi ya moto uliokokwa katikati ya ukumbi kabla watu hawajajua dohani. Habari zikaenea. Watu wakaja kwa baiskeli kutoka mji wa Lewes kutazama.

"Bi. Pargeter, kumbe ulikuwa unalala na maajabu!" mke wa mwoka mikate alimtania. "Na sisi ukituambia ni banda la ng'ombe!"

"Banda ni banda tu," Hester alijibu.

Mwishowe alishindwa kuvumilia, akaenda kuiona.

"Karibu, mama! Hebu tazama juu!" Sybil alisema, uso umemchangamka.

Hester akatazama. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoogopa, na yule binti ndiye aliyeipata.

"Mtaganda humu baridi ikija."

"Tumeshaganda! Edmund anavaa jozi tatu za soksi," Sybil akacheka. "Mama, wewe ulikuwa unalala chumba gani?"

"Kile pale." Hester akanyoosha kidole juu, kwenye hewa tupu.

Kicheko kikamkauka Sybil. "Maskini, sikujua. Kitanda chenu kilikuwa upande gani? Niambie, walau tuwe tunapakumbuka."

Hester alipajua. Kichwa kilielekea dirisha la mashariki, na pembeni palikuwa na msumari ambao mumewe alitundikia saa yake, hata usiku aliokufa.

"Nimesahau, mwanangu," alisema.

Akaaga, akarudi kwake akitembea wima. Wakae na boriti zao. Hilo moja hawatalipata.