Treni ya Ijumaa

Tik. Tik. Kabla ya adhana, mawe ya redio, betri zile zilizochoka, yaligongana kwenye sahani ya bati, pembeni ya jiko. Nilikuwa nayapasha moto ili yapate nguvu ya saa moja tu, saa ya matangazo ya Papa Hubert. Kila alfajiri ya vita siku yangu ilianza na mlio huo. Tik, na moyo wangu nyuma yake.

Wewe uliyesimama na bunduki mlangoni pa kituo cha redio yetu, sikiliza. Jina lako sina. Nakuita hivi tu: wewe.

Redio uliikuta, hukuona ilivyoanza. Papa Hubert alikuwa fundi wa reli. Mzungu mmoja wa reli aliporudi kwao alimwachia sanduku la santuri, nyimba za mashamba ya Amerika: gitaa na fidla, farasi, mvua, treni. Maneno yake hakuna aliyeyajua hapa Kalemie. Lakini mji wa reli unajua treni inavyolia. Tulisikia magurudumu, tukaelewa.

Alipopata mtambo wake mdogo wa kurushia matangazo, akapanga siku. Jumatatu nyimba za ng'ombe, na wafugaji wa Kirungu walifurahi kule juu milimani. Jumatano fidla na kucheza. Ijumaa treni. Katikati ya nyimba, salamu. Kila nyumba ilichagua wimbo, Papa Hubert akauandika kwenye kadi, na toka siku hiyo wimbo ukawa wa nyumba ile kama mlango wake. Sisi tulichagua treni. Marehemu mume wangu alisema magurudumu yale yanasema tupo, tupo, tupo. Binti yetu Yasmine alilala usingizi wake wa utoto katika tupo ile.

Kisha vita. Majani yakaota kati ya reli. Meli zikanyamaza. Yasmine alikuwa ameolewa Kirungu, na tumbo lake la kwanza lilikuwa kubwa, na njia ya kati yetu ilikuwa ya bunduki. Msafiri wa mwisho aliniletea neno lake: "Mwambie mama, Ijumaa nisiposikia treni, ninashuka. Hata na hili tumbo."

Namjua mtoto wangu. Angeshuka.

Wakubwa wako wakaja redioni. Hakuna tena majina, walisema, hakuna majina ya vijiji, muziki tu. Papa Hubert akamjibu mkubwa wao, "Sawa, chef. Muziki tu." Wakakuacha wewe mlangoni ulinde neno lao.

Muziki tu. Lakini siku ya wimbo wake, kila nyumba ilimtoa mtu mmoja, kuonyesha kwamba bado wapo. Alipita mbele ya dirisha la Papa Hubert na kikapu kichwani, kama anaenda sokoni, hasimami, hasalimu. Papa Hubert alimwona, akaweka santuri yake. Nyumba isiyoonekana haikupigiwa wimbo, kwa maana hakutaka kumdanganya mtu aliye mbali. Na kule mbali, wimbo ulipokosekana, watu waliketi matanga.

Nilipita mbele yako Ijumaa ngapi? Niliinamisha macho. Nilidhani unaona kikapu tu.

Halafu Ijumaa ile ya malaria. Nilisimama, sakafu ikanikimbia. Nilitambaa hadi jikoni, nikayatia mawe ndani ya redio, nikalala kwenye mkeka. Jirani yangu Célestine alikuwa ameshakwenda ziwani kuteka maji. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mafuta ya jenereta yalitosha saa moja tu, na saa ilikuwa inaisha. Huko juu Yasmine alikuwa ameinamia redio yake. Nilimwona anasimama. Nilimwona anatafuta kitenge cha kufungia mzigo. Tupo, nilisema, na sauti haikufika hata mlangoni.

Mlango ukabishwa. Tik, tik, kwa kidole.

Papa Hubert alinisimulia baadaye. Uliingia kwake, ukasema, "Ule mama wa kikapu hajapita leo." Aligutuka, akagonga meza, sindano ikaruka juu ya santuri. Kumbe ulijua. Ulijua siku zote, na wakubwa wako hukuwaambia. Ukamuuliza naishi wapi, akasema hajui. Ukacheka. "Mimi najua. Kila Ijumaa namuona akipanda kule kilimani mpaka mlangoni pake."

Ukasimama kwenye kizingiti changu, bunduki mgongoni.

"Mama, uko muzima?"

"Ni malaria tu, baba."

"Basi niseme umepita?"

"Sema nimepita."

Ukanichotea maji mtungini, ukanishika kichwa ninywe. Ulipogeuka kuondoka ukasema, "Lakini ule wimbo wenu, mama, ni mubaya sana. Kila Ijumaa ni ule ule." Nikasikia viatu vyako vinakimbia kushuka mlima.

Dakika zikapita, sijui ngapi. Wimbo wa mtu mwingine ukakatwa katikati. Kisha filimbi, kisha magurudumu. Tupo, tupo, tupo. Haukufika mwisho. Jenereta ilikufa kabla, lakini ulianza. Ulianza.

Meli iliporudi, Yasmine alishuka bandarini na mtoto mgongoni. "Mama, mzigo ulikuwa kichwani tayari," alisema. "Mguu mmoja ulikuwa nje. Treni ikalia, nikautua mzigo."

Nilikuja redioni kukutafuta. Papa Hubert alisema walikupeleka mbele vitani, hakujua wapi.

Siku hizi majina yanasomwa tena, hata ya vijiji. Lakini Ijumaa, baada ya treni yetu, Papa Hubert hupiga wimbo mmoja wa mvua, ambao kadi yake haina jina. Mimi ndiye niliyeuchagua. Nyumba yake ni wewe.

Tik, tik. Adhana bado. Mjukuu wangu ameamka kabla yangu, anagonga mawe ya redio kwenye sahani na kucheka.

Kama uko muzima, baba, pita tena. Bisha kwa kidole kile kile. Njoo hata kutucheka tu kwamba wimbo wetu ni mbaya.