Vilima Viwili vya Blaza

Joska aliichora grafu yake huku mwanawe mchanga, Alanyo, akiwa amelala mgongoni, na alipomaliza aliiona nzuri kuliko zote alizowahi kuchora.

Mwalimu Séraphine, Mkongo wa Bukavu aliyefundisha darasa la jioni pale Lubaga, alikuwa amewapa wanafunzi vipimo vya kitu cha angani kutoka gazeti la kisayansi. Kiliitwa blaza, jina jipya la mwaka huo wa 1978: kiini cha galaksi ya mbali kinachorusha mchirizi wa gesi ukitulenga sisi. Mwangaza wake hautulii. Wataalamu wengine walikuwa wameupima kwa darubini, wengine kwa mawimbi ya redio. Atakayechora na kueleza vizuri angekuwa msaidizi wa maabara katika shule alikofundisha mwalimu mchana. Joska aliitaka kazi hiyo. Alikuwa amechoka kuuza nyanya sokoni Kalerwe, mtoto akishinda juani.

Tatizo, vipimo havikupatana. Mwanga unaoonekana ulipanda na kushuka usiku hadi usiku, ukafanya kilima kikali mwezi wa Machi. Redio ilijikokota, kilima chake kikaja Juni. Joska aliwaza sana. Mumewe, Santo, alikuwa karani wa polisi, na nyumbani kwao ilijulikana: taarifa mbili za jambo moja zikitofautiana, kuna mtu ataitwa kuhojiwa. Kwa hiyo Santo huketi nazo akazilinganisha mpaka ziseme neno moja. Basi Joska naye akakirudisha kilima cha redio mpaka Machi.

Darasani akaibandika ubaoni, akasimama pembeni akitabasamu. Faustino, fundi redio, ndiye aliyecheka kwanza.

“Mama Alanyo, hiyo blaza yako iko jeshini? Vilima vyote vinapiga saluti pamoja.”

Watu wakacheka, halafu wakanyamaza wote kwa mara moja. Mmoja alitazama dirishani kuona kama kuna askari aliyesikia.

Mwalimu alisogea ubaoni. “Nani alikuambia redio ilipanda Machi?”

“Hakuna, Mwalimu. Niliona kama mmoja wao amekosea.”

“Ukamsahihisha.”

“Ndiyo.”

Uso ulimwaka. Angeweza kueleza habari za Santo, lakini maneno yale hayasemwi mbele za watu. Akakaza kanga ya mtoto, na haikuwa imelegea.

“Hakuna aliyekosea, dada,” Mwalimu alisema. “Gesi ikitoka bado imesongamana, inayameza mawimbi yake yenyewe ya redio. Mwanga unapita. Gesi ikitanuka, ndipo redio nayo inatoka. Ile miezi ya katikati ndiyo inatuonyesha kwamba gesi imesafiri. Hiyo ndiyo umeifuta.”

Joska alitamani sakafu immeze. Alikuwa ameshika mkononi habari iliyotoka mbali kupita akili, akaifanya kama maelezo ya kituoni.

“Nafasi nampa Faustino,” Mwalimu alisema, bila ukali.

“Ni haki yake,” Joska akajibu. Alanyo akaamka akaanza kulia. Joska akamshusha, akaketi benchi la nyuma kumnyonyesha, macho chini, akingoja wengine watoke.

Hawakutoka upesi. Faustino alibandua ile karatasi, akamletea.

“Shemeji, usinikasirikie. Mdomo wangu hauna breki.”

“Sijakasirika. Nimeona aibu tu.”

Mtoto aliposhiba, Joska akamwendea Mwalimu aliyekuwa anafuta ubao.

“Kuna blaza nyingine katika hilo gazeti?”

“Iko. Ila vipimo vyake havipatani hata kidogo.”

“Nipe hiyo,” Joska alisema. “Nitaichora vile ilivyo.”